Vinka zangu za Changanyikeni, na mama wa chapati aliyeomba majani

Najua nimekuwa kimya, lakini wenyewe mnajua test zinavyofuatana kipindi hiki, ukimaliza moja unakuta nyingine imeshatangazwa. Leo nimepumua kidogo. Na kwa kuwa kila anayepita hapa geto Changanyikeni anauliza swali lile lile, "we dada, haya maua unayamwagilia nini?", nimeona niandike mara moja niwajibu wote. Halafu kuna jambo jingine limenikaa rohoni tangu mwezi uliopita, linahusu maua hayo hayo. Nitalifikia huko chini, msikimbie.

Jibu la swali: siyamwagilii kitu. Maji yenyewe kidogo tu, tena kwa nadra.

Maua hayo ni vinka. Hata kama jina hulijui, ua lenyewe umeshaliona mara mia. Lina petali tano zilizolala bapa kama panga za feni, rangi ya waridi iliyokolea, au nyeupe, au nyeupe yenye jicho jekundu katikati. Majani yake yanang'aa, yana mstari mweupe katikati, na yanakaa mawili mawili yakitazamana kwenye shina. Ukitoka hapa mpaka Mwenge utayakuta kwenye nyua za watu, kwenye makopo ya rangi mbele ya saluni, mpaka kwenye nyufa za mitaro ambako hakuna mtu aliyeyapanda. Kwetu Tanga bibi yangu anayaita maua ya makaburi, manake kule kijijini ndiko yalikojaa. Kaburi nani analimwagilia? Na maua yapo tu, mwaka mzima. Rumeti wangu, mtu wa Iringa, aliposikia jina hilo alinitazama akasema, "Mwenzangu, kwa hiyo umetupandia makaburi mlangoni?" Teh teh teh. Mpaka leo akikasirika ananiita mlinzi wa makaburi.

Asili ya vinka ni Madagaska, hapo tu baharini kusini mwetu. Mwaka 1759 yule Mswidi Linnaeus, aliyekuwa anagawa majina ya kilatini kwa kila kinachoota, aliliita Vinca rosea. Baadaye wataalamu wakaona si la ukoo huo, wakalihamishia jina la Catharanthus roseus. Lakini wauza miche wa barabarani hawana habari na uhamisho huo, wamebaki na vinka yao, na mimi nimebaki nao.

Kwa nini nilichagua vinka? Sababu ya kwanza ni maji. Nyumba yetu ina vyumba vinane na bomba moja, na bomba lenyewe lina siku zake. Siku lisipotoa tunanunua maji kwa dumu. Sasa mwanafunzi ambaye bumu halijaingia, atatoaje dumu la lita 20 ampe ua? Sababu ya pili ni likizo. Tukifunga chuo mwezi wa saba mimi naenda Tanga, narudi muhula ukianza, na wote tunajua Dar ya mwezi wa nane na wa tisa ilivyo kavu. Mwaka jana niliporudi nilikuta zile nilizopanda chini kwenye mchanga zimejikunja majani kidogo, lakini ziko hai na zina maua. Chini yake vimeota vichanga kama ishirini ambavyo sikuvipanda mimi.

Sababu ya tatu ni mbuzi. Jirani ana mbuzi watatu ambao wameshakula mchicha wa mwenye nyumba, matembele ya dada wa chumba namba tatu, na taulo langu la bluu (si lote, ila pindo lilikwenda). Kwenye vinka wananusa, wanapita. Nilifurahi sana, nikawasifu wana akili. Sikujiuliza wakati huo kwa nini mbuzi, mnyama anayekula taulo, akatae jani bichi laini vile.

Haya, tuingie kwenye kuzalisha, maana ndilo mnalotaka.

Njia rahisi ni mbegu. Ua likidondoka linaacha vijiganda viwili vyembamba vilivyosimama pamoja kama pembe, urefu kama sentimita mbili mpaka nne, mfano wa vimaharage vichanga. Vikiwa vya kijani viache. Vikianza kuwa njano-kahawia, hapo uwe macho, kwa sababu vinapasuka vyenyewe na mbegu zote zinamwagika chini. Mimi navifunga kwa kijitambaa chepesi siku mbili tatu kabla, halafu navuna bila haraka. Mbegu ni nyeusi, ndogo, kama pilipili manga iliyosagwa vibaya.

Sasa hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Mbegu za vinka zinataka giza ili ziote. Ukizimwaga juu ya udongo juani ukasubiri, utasubiri sana. Zifukie kidogo tu, kama nusu sentimita, lowesha udongo, halafu funika kopo kwa kipande cha boksi au gazeti. Kuanzia siku ya saba hivi chungulia kila asubuhi. Ukiona vimechomoza, toa boksi mara moja, la sivyo vinarefuka na kulegea. Hamishia kwenye kopo lake kila mmoja ukishaona majani yamefika jozi mbili au tatu. Hesabu miezi miwili na nusu mpaka mitatu tangu kupanda, utaona ua la kwanza. Ni muda wa kuanza muhula mpaka UE, kwa hiyo ukipanda wiki ya kwanza ya leksha unaingia chumba cha mtihani ukiwa na ua mlangoni. Kufaulu sikuahidi.

Njia ya pili ni kukata kijitawi na kukichomeka. Hii ndiyo ninayoipenda, kwa sababu mbegu zinachanganya rangi. Nyuki na vipepeo wanapita huku na huku, ukipanda mbegu ya nyeupe unaweza kuletewa ya waridi. Kijitawi hakibadiliki, ni mama yake yule yule. Vinka yangu nyeupe yenye jicho jekundu nilipewa na mzee mmoja anayetunza bustani pale chuoni. Nilikuwa napita kila siku naitamani, siku moja nikapiga moyo konde.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti."

"Mzee naomba kijitawi kimoja cha hili ua, nikapande kwangu."

Akacheka, akatoa mkasi mfukoni. "Kimoja cha nini? Chukua vinne, viwili vikufie. Tena unanisaidia, ua hili ukilikata ncha moja linatoa mbili."

Na ni kweli. Vinka usiyoikata inarefuka kama fimbo, inachanua juu tu na chini inabaki uchi. Ibane ncha kwa kucha ikiwa na urefu wa shibri moja, itajaza pembeni na maua yataongezeka. Mbolea wala usihangaike nayo, ukiizidisha unapata majani mengi na maua ya kuhesabu.

Kijitawi kiwe cha ncha, urefu wa kidole cha kati au zaidi kidogo, kisicho na ua wala tumba. Kata chini kidogo ya pale majani yanapoota, ondoa majani ya chini, acha manne ya juu. Utomvu ukitoka subiri ukauke. Changanya mchanga na udongo nusu kwa nusu kwenye kopo la Blue Band ulilotoboa chini, chomeka, weka kivulini. Juu yake mimi nafunika nusu ya chupa ya maji iliyokatwa, bila kizibo, ili unyevu usikimbie. Baada ya wiki tatu kivute kidogo sana kwa vidole viwili. Kikikataa kutoka, kimeshika mizizi. Nawa mikono baada ya kazi, sababu nitaisema.

Vile vinne vya mzee vilishika vitatu, halafu vikabaki viwili. Alichokifia yule wa tatu ni huruma. Rumeti wangu aliona nakinyima maji, akaamua awe anakipa kikombe kila asubuhi kabla hajaenda leksha, kwa siri kabisa. Shina likaanza kuwa jeusi kuanzia chini, majani yakalegea, na yeye alivyoona yamelegea akaongeza kikombe cha jioni. Jamani! Adui wa vinka ni maji yaliyotuama, mizizi inaoza. Chomeka kidole kwenye udongo mpaka fundo la pili, kama bado kuna ubichi, ondoka zako.

Haya ndiyo ya bustani. Sasa lile jambo langu.

Kuna mama anapika chapati na maharage karibu na kituo chetu, wengi mnamjua, simtaji. Mimi namuita mama tu, na yeye ananiita mwanangu, na kuna siku nyingi nimekula kwake kwa daftari bumu likichelewa. Mwezi uliopita, Jumamosi, alikuja mwenyewe mpaka geto. Nikamkaribisha, nikampa kiti. Akazitazama vinka, akasema, "Mwanangu, wewe Mungu amekuweka hapa kwa ajili yangu."

Kumbe ana sukari, mwaka wa pili huu. Anapewa vidonge vya metfomini kliniki, na vinamvuruga tumbo. Mteja wake mmoja amemwambia majani ya ua hili, saba kila asubuhi, atafune au achemshe, sukari inashuka yenyewe na vidonge atatupa. Akaomba niwe nampa majani saba kila siku. Akasema atanilipa kwa chapati.

Wadau, mkubwa wako akikuomba kitu kinachoota mlangoni kwako, tena bure, unasema nini? Nilimwambia anipe siku mbili, naziombea majani yakue. Nikaenda kusoma.

Na nilichokikuta kimenishangaza mpaka leo. Habari ya vinka na sukari haikuanzia kwa mteja wa chapati. Jamaika watu walikuwa wakinywa chai ya majani haya kwa ugonjwa huo huo. Mwaka 1952 bahasha ya majani ilitoka huko ikamfikia daktari mmoja Kanada, Clark Noble, naye akampa ndugu yake Robert Noble, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Western Ontario. Wakawanywesha panya maji ya majani. Sukari haikutikisika. Wakaona labda haipiti tumboni, wakawachoma sindano. Panya wakafa ndani ya siku chache, wamejaa vijidudu. Walipochunguza wakakuta chembe nyeupe za damu, zile zinazotulinda na maradhi, zimeporomoka.

Hapo mtu mwingine angetupa majani jalalani. Noble akawaza: kitu kinachoua chembe nyeupe kingefaa kwa saratani ya damu, ambako chembe hizo zimezaana bila mpango. Yeye na mkemia Charles Beer wakaitafuta hiyo sumu ndani ya majani, na mwaka 1958 wakaitangaza. Ndiyo vinblastini. Ndugu yake, vinkristini, ilitolewa na watafiti wa kampuni ya Eli Lilly na ikaruhusiwa Marekani mwaka 1963. Mwaka ule ule wa 1958, hapa kwa majirani zetu Uganda, daktari Denis Burkitt wa Mulago alikuwa ameandika habari za uvimbe wa taya uliokuwa unawaua watoto. Vinkristini ikaja kuwa moja ya dawa za uvimbe huo, na mpaka leo inatumika kwa watoto wenye uvimbe huo na wenye saratani ya damu. Ua la makaburi la bibi yangu, fikiria.

Lakini ili upate gramu moja tu ya dawa hizo zinahitajika mamia ya kilo za majani makavu. Ndiyo maana mwaka 2022 watafiti walioongozwa na chuo kimoja cha Denmark walitangaza kwamba wameifundisha hamira kutengeneza viambato vinavyounda vinblastini, wasitegemee majani peke yake. Na hospitali dawa yenyewe inaingizwa kwenye mshipa, kipimo kinapigwa hesabu kwa mwili wa mgonjwa, damu inapimwa mara kwa mara. Moja ya madhara ya vinkristini ni kuumiza mishipa ya fahamu, vidole na nyayo zinakufa ganzi.

Nilipofika hapo niliacha kusoma. Kwa sababu mama wa chapati, siku ile kwenye kiti changu, alikuwa amevua ndala anasugua miguu. Alisema usiku nyayo zinawaka kama amekanyaga makaa. Sukari nayo inaharibu mishipa hiyo hiyo.

Sitaki kutia chumvi. Jani moja lina sumu kidogo sana, na wala sijui mtu aliyeanguka kwa kutafuna saba. Lakini jani na jani hazilingani, hakuna anayejua amekula kiasi gani, na mbuzi wa jirani, mnyama wa taulo, ameshapiga kura yake. Kilichonitisha zaidi ni lile neno "vidonge nitatupa".

Jumatatu nikaenda saa nne, wateja wamepungua. Nilikuwa nimepanga hotuba nzima, Kanada, Jamaika, panya. Nikaanza.

"Mama, yale majani sitaweza kukupa."

Akageuza chapati kwanza. "Yamekauka?"

"Hayajakauka. Yana sumu. Ile dawa ya saratani wanayochomwa watoto Muhimbili imetoka humo, ni kali, na panya waliponyweshwa sukari haikushuka. Walishajaribu."

"Aliyeniambia anatumia mwaka mzima."

"Na vidonge ameacha?"

Kimya. Akasema hajui, hakuuliza.

Nikaona Kanada haitanisaidia, nikamuuliza vidonge anavinywa saa ngapi. Akasema saa kumi usiku, akiamka kukanda unga. Na chakula? Saa tatu, saa nne, akishauza. Wadau, huyu mama alikuwa anameza metfomini tumbo tupu, anakaa masaa sita mbele ya jiko la mkaa, halafu analalamika tumbo! Nami si daktari, ni mwalimu mtarajiwa wa Jiografia na Kiswahili. Nikamwambia tu, mama siku ya kliniki waeleze hivyo hivyo ulivyonieleza mimi, saa unayomeza na saa unayokula, na habari ya nyayo kuwaka usiiache. Akajibu, "Kule foleni ndefu, nani ana muda wa kusikiliza habari za unga wangu." Lakini aliniuliza tarehe ya siku ile, akahesabu kwa vidole.

Alikwenda. Nesi alimwambia vidonge vinamezwa na chakula au mara baada ya kula, akamtuma kwa daktari kuhusu miguu. Sasa saa kumi anakula kwanza kiporo cha chapati, ndiyo anameza. Anasema tumbo limepungua makelele, "halijanyamaza, limepungua". Miguu bado.

Lakini msidhani nimeshinda. Vinka imejaa mtaroni hatua kumi kutoka kwenye jiko lake. Mimi kumnyima ya kwangu kumemzuia nini? Wiki iliyopita akaniomba mche. "Wa kutazama tu mwanangu, na wewe umezidi wasiwasi." Kumnyima na hilo ningekuwa nimemwita mwongo mbele ya wateja. Nikampa ile nyeupe yenye jicho jekundu, kijitawi cha mzee wa bustani, kwenye kopo la Blue Band. Ameiweka juu ya meza, kati ya sukari na pilipili.

Kwa hiyo siku hizi nikienda kula nakaa upande ule wa meza. Ijumaa yalikuwa majani thelathini na mawili. Jumapili thelathini na mawili. Jana nimehesabu thelathini na manne, na ncha mpya inachomoza pembeni. Nilikuwa narudia kuhesabu nipate uhakika, mama akanisimamia na mwiko mkononi.

"Unahesabu nini hapo, deni lako?"

"Naangalia kama limeshika, mama."

"Limeshika," akasema. "Kula, chapati inapoa."